Nyuki Wapweke katika Bustani ya Nyumbani, Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa majirani, wageni na wakulima wenzangu wanaofika nyumbani kwangu upande wa Uyole, jijini Mbeya, na kukuta mafungu ya mianzi yamepangwa chini ya paa la banda la kuni. Wengi hudhani ni mianzi ya kujengea uzio. Wakisogea na kuona kwamba midomo ya mianzi hiyo imezibwa, mingine kwa tope na mingine kwa majani, ndipo maswali yanapoanza. Nimejitahidi kuyajibu kwa kufuata majira ya kwetu, kwa kuwa maelezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye theluji, na mtu akiyafuata neno kwa neno hapa Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuwadhuru nyuki aliokusudia kuwatunza.

Nyuki wapweke ni nyuki wa namna gani?

Ni nyuki wasioishi kwa kundi. Hawana malkia, hawana vibarua, wala hawana masega. Kila jike hujenga kiota chake, hukusanya chavua (unga wa maua) na mbochi (maji matamu ya maua) kwa ajili ya wanawe tu, hutaga, na kwa kawaida hufa kabla hajawaona wanawe wakiruka. Duniani kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na sehemu kubwa kati ya hizo ni za nyuki wanaoishi hivyo. Nyuki wa asali tuliowazoea ni wachache mno wakihesabiwa kwa spishi.

Wengi wao huchimba vishimo ardhini. Wengine hutafuta tundu ambalo tayari lipo, kama vile mwanzi uliokatwa, tete, tobo lililoachwa na mdudu kwenye gogo kavu, au ufa kwenye ukuta wa udongo, na hawa ndio tunaoweza kuwaandalia makazi kwa urahisi. Jike huingia mpaka mwisho wa tundu, huweka donge la chavua iliyochanganywa na mbochi, hutaga yai moja juu ya donge hilo, kisha hujenga kiambaza na kuanza chumba kingine mbele yake. Huendelea hivyo mpaka karibu na mlango, ambapo huweka kizibo kinene. Niliwahi kupasua mwanzi mmoja ulioanza kuoza upande, nikakuta vyumba saba vya majani vimefuatana kama vidonge kwenye pakiti yake, na ndani ya kila kimoja jana, yaani mtoto wa nyuki aliyetoka kwenye yai, jeupe limejikunja juu ya mabaki ya chavua ya manjano. Tangu siku hiyo sijapasua mwanzi mzima kwa ajili ya kutazama tu.

Nimesoma kuhusu nyuki waashi wa Ulaya na Marekani. Je, wapo kwetu?

Nyuki waashi wanaoandikwa sana ni wa jenasi Osmia. Ulaya kuna Osmia bicornis, Marekani ya Kaskazini kuna Osmia lignaria, na Japani kuna Osmia cornifrons, ambaye wakulima wa huko wamemtumia kwa miongo mingi kuchavusha matufaha. Maisha yao yamefungwa na baridi: hutoka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hufanya kazi kwa wiki chache tu, na wanao hukomaa kabla ya baridi kuanza, kisha hukaa ndani ya vifukofuko (vifuko vya nyuzi walivyojifuma) wakisubiri baridi ipite.

Hao si wa kwetu, na hakuna sababu ya kuwatafuta. Kuingiza wadudu hai nchini bila kibali ni kosa, na hata kama lisingekuwa kosa, ni njia ya kuleta magonjwa na vimelea visivyokuwapo. Sisi tunao ndugu zao wa karibu wa jenasi Megachile, ambao ni wengi sana Afrika. Baadhi yao hujenga vyumba kwa vipande vya majani, wengine kwa utomvu wa miti, na wengine kwa tope, kwa hiyo jina la waashi linawafaa hata wa kwetu. Utawatambua kwa jambo moja dogo: nyuki wa asali hubeba chavua kwenye miguu ya nyuma, lakini hawa huibeba chini ya tumbo, kwenye manyoya mazito. Akitoka kwenye ua la alizeti tumbo lote linakuwa la manjano, na akitembea juu ya ua hulinyanyua tumbo hilo juu kidogo.

Mama mkwe wangu anaogopa nyuki, na tuna watoto wadogo. Je, wanauma?

Hofu ya mama ina msingi, kwa sababu nyuki wa asali wa Afrika hulinda mzinga wao kwa ukali na hushambulia kwa kundi. Nyuki mpweke hana mzinga wa kulinda, hana asali iliyowekwa akiba, na hana wenzake wa kuwaita. Jike ana mwiba, lakini huutumia akibanwa kwenye nguo au akishikwa mkononi, na maumivu yake kwa kawaida ni madogo. Dume hana mwiba kabisa. Watoto wa nyumba hii hukaa hatua moja kutoka kwenye mianzi wakihesabu nyuki wanaoingia. Hata hivyo, mtu ambaye aliwahi kuvimba uso au kubanwa na kifua baada ya kuumwa na nyuki wa aina yoyote asikae karibu, na akiumwa apelekwe hospitali mara moja.

Wanatoa asali?

Hapana. Anayetaka asali afuge nyuki wa mzinga au nyuki wadogo wasiouma, na hao wana utaratibu wao tofauti.

Sasa faida yake ni nini?

Ni uchavushaji, lakini yafaa kusema ukweli kuhusu mazao yapi yanafaidika. Mahindi huchavushwa na upepo. Maharage kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe kabla hata ua halijafunguka vizuri, kwa hiyo usitarajie magunia ya ziada ya maharage kwa sababu ya mafungu mawili ya mianzi. Mimea ambayo nyuki ni lazima au wanasaidia sana ni maboga, matango na matikiti, ambayo maua ya kiume na ya kike hukaa mbalimbali; alizeti; mbaazi; na pasheni, ambayo ua lake ni kubwa kiasi kwamba nyuki wa asali mara nyingi huchukua chavua bila kugusa sehemu ya kike, ilhali nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao hulijaza ua hilo kwa mgongo wake.

Nyanya nazo zina siri yake. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo mwishoni, na hutoka vizuri ua likitikiswa. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Baadhi ya nyuki wapweke hulikumbatia ua, hufunga mabawa, na kutetemesha misuli ya kifua mpaka chavua inamwagika. Ukiwa bustanini asubuhi tulivu utasikia mlio wao ukibadilika ghafla, kutoka mvumo wa kuruka na kuwa mlio mwembamba mkali wa sekunde moja au mbili. Huo ndio mlio wa nyanya zinazochavushwa.

Makazi yao niyatengeneze kwa nini?

Watu wa Iringa na Njombe wana bahati, kwa kuwa mianzi ya ulanzi ipo karibu kila kijiji. Mwanzi huo una kuta nene na uwazi mwembamba, na ingawa sehemu nyingine hazina uwazi kabisa, matawi na ncha zake hutoa matundu ya ukubwa unaotakiwa. Omba mianzi iliyozeeka ambayo mwenyewe haigemi tena. Hakuna mtu wa kule atakayekuruhusu ukate changa, na ana haki. Ikatwe wakati wa kiangazi, wakati haina maji mengi na wadudu wanaobungua ni wachache, kisha ikaushwe chini ya paa kwa wiki kadhaa. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na subira, nikapanga mianzi mibichi mwezi Desemba, na kufikia Februari ndani kulikuwa na ukungu wa kijani na hakuna nyuki hata mmoja aliyebaki.

Kata kila kipande karibu na pingili, ili pingili yenyewe iwe ukuta wa nyuma. Tundu lisilo na ukuta wa nyuma halitakiwi na nyuki, kwa sababu adui huingilia upande wa pili. Urefu uwe takriban sentimita 15. Upana wa ndani uwe mchanganyiko wa kuanzia milimita 4 hadi 10, kwani kila spishi huchagua tundu linaloutosha mwili wake. Mdomo wa kipande upigwe msasa mpaka uwe laini, maana nyuzi zilizochanika huharibu mabawa.

Urefu nausisitiza kwa sababu maalumu. Jike wa nyuki huamua jinsia ya mtoto wakati wa kutaga: yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Mayai ya majike huyaweka nyuma kabisa na ya madume karibu na mlango, ili madume watoke kwanza na kuwasubiri majike nje. Tundu likiwa fupi nafasi ya nyuma hupungua, na utapata madume wengi na majike wachache, wakati majike ndio watakaojenga mwakani. Vile vijumba vya kupendeza vinavyouzwa vyenye matundu ya kina cha kidole kimoja vina kasoro hiyo hasa. Nilipewa zawadi ya kimoja, na kwa muda wote nilichokuwa nacho hakikukaliwa na chochote isipokuwa sisimizi.

Badala ya mianzi unaweza kutumia matete ya bondeni au kipande cha gogo kilichotobolewa kwa keekee. Mbao za misindano na mikaratusi zinafaa ikiwa hazikutiwa dawa. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitumike kabisa. Mabomba ya plastiki na mirija ya kunywea soda nayo haifai, kwa sababu plastiki haipitishi unyevu. Jasho la ndani hubaki pale pale na majana huoza.

Niyaweke wapi, na yaelekee upande gani?

Hapa ndipo maelezo ya kigeni yanapopotosha zaidi. Vitabu vya Ulaya husema makazi yaelekee kusini, kwa sababu huko jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na Mbeya iko karibu nyuzi 9. Mwezi Juni na Julai, wakati ambapo tunahitaji jua zaidi ya wakati wowote, jua letu liko upande wa kaskazini, na upepo baridi wa kipupwe unavuma kutoka kusini mashariki. Kwa hiyo elekeza midomo ya mianzi mashariki au kaskazini mashariki, na mgongo wake uwe ukuta, uzio mzito au banda linalokinga upepo. Nyuki mwenye kupata jua la saa moja na nusu asubuhi huanza kazi mapema kuliko aliye kwenye kivuli.

Kimo kiwe kati ya mita moja na mbili kutoka ardhini. Fungu lifungwe imara lisitikisike, kwa kuwa fungu linalobembea kwa upepo huwakosesha nyuki shabaha ya kutua. Paa litokeze mbele angalau sentimita 10, na kwa watu wa Tukuyu na Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa mzaha, ningeshauri ukingo wa nyumba wenyewe na si kibanda cha peke yake nje.

Nifanye nini katika kila majira ya mwaka?

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, kisha baridi kavu, kisha joto kavu. Kalenda ya nyuki wapweke ifuate mzunguko huo.

Mvua zinapoanza, uoto hurudi na maua hufuatana, na huu ndio wakati wa shughuli nyingi kwenye mianzi. Mafungu mapya yawe yamekwisha kuwekwa kabla ya mvua za kwanza. Katika miezi hii kazi yako kubwa ni kuzuia maji. Baada ya mvua ya upepo pita uangalie kama midomo ya mianzi imelowana. Ikiwa imelowana, rekebisha paa, lakini usihamishe fungu lenyewe mchana. Nyuki hukariri mahali pa kiota chake kwa alama zilizo karibu, na fungu likisogezwa hata mita mbili jike hurudi na tumbo limejaa chavua, akazunguka mahali palipokuwa na mlango wake mpaka achoke. Kama ni lazima lihamishwe, subiri msimu wa kazi uishe.

Kuanzia Machi hadi Mei alizeti, maboga, mbaazi na magugu ya pembezoni mwa shamba huwa katika ubora wake. Ukipalilia, acha ukanda mwembamba wa kishonanguo na maua mengine ya porini mpakani. Najua ni jambo gumu kwa mkulima aliyelelewa kuona shamba safi kuwa ndiyo heshima yake, na sisemi uache magugu kati ya mistari ya mazao, nasema mpakani.

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Mbeya mjini asubuhi huwa kali, na Njombe, Makete na Kitulo sakitu (umande ulioganda) huunguza viazi. Nyuki wengi hawaruki hewa ikiwa chini ya nyuzi joto 13 au zaidi ya hapo kidogo, kwa hiyo utaona mianzi iko kimya mpaka saa nne, na siku nyingine siku nzima. Usifikiri wamekufa. Ndani ya vyumba majana yaliyokwisha kula chavua yao yote yametulia yakisubiri. Usitikise, usipasue, usiingize njiti kuangalia. Usiyapeleke jikoni ili yapate joto la moto, kwa maana joto hilo huwaamsha wakati nje hakuna ua, na moshi nao ni hatari.

Septemba mpaka mvua zinaporudi ni wakati wa joto, vumbi na moto, na kwangu mimi huu ndio wakati unaoamua kama utakuwa na nyuki mwakani. Kwanza, maua ni machache. Mti wa parachichi au pichi ukichanua ni neema, lakini mimea midogo inayomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo husaidia kwa muda mrefu zaidi: kivumbasi, rozmari, mchicha wa mbegu ulioachwa, na marejea iliyochelewa kupandwa. Marejea napenda kuipanda kwa makusudi mawili, maana hurutubisha udongo na maua yake ya manjano hufunguliwa kwa nguvu na nyuki wenye miili imara, yaani hao hao tunaowazungumzia.

Pili, wanaojenga kwa tope hukosa tope. Weka sinia pana lenye udongo wa mfinyanzi kivulini na ulilowanishe kila jioni, liwe laini kama udongo wa kukandika ukuta. Nyigu wa tope nao watakuja, na hilo halina ubaya.

Tatu, moto. Desturi ya kuchoma mabua na nyasi ili kusafisha shamba kabla ya mvua huua nyuki wasio na hesabu, kwa sababu vinyuki vidogo vyeusi vya jenasi Ceratina huishi ndani ya vijiti vikavu vyenye kiini laini, na Megachile wako ndani ya mabua na magogo. Moto wa nusu saa hufuta kizazi kizima kilichokuwa kinasubiri mvua. Ukiweza, lundika mabua pembeni yaoze, au uyatandaze kama matandazo. Mimea ya maua uikate ikiwa na kimo cha sentimita 30 au 40 na uviache vijiti vimesimama mpaka mwaka unaofuata.

Je, niviweke vifukofuko kwenye friji kama wanavyofanya wenzetu wa Marekani?

Hapana. Osmia anahitaji miezi ya baridi ya kweli ndipo aamke vizuri, na friji humlinda dhidi ya joto la ghafla la majira ya baridi. Nyuki wa kwetu hawakuumbwa kwa utaratibu huo. Baadhi hukamilisha zaidi ya kizazi kimoja kwa mwaka pale joto na maua vinaporuhusu. Waache nje, pakavu.

Majani ya mawaridi yangu yamekatwa nusu duara. Nitumie dawa gani?

Usitumie yoyote. Hiyo ni kazi ya nyuki mkata majani. Simama karibu na waridi saa tatu asubuhi na utamwona: hutua ukingoni mwa jani, hulishika kwa miguu pande zote mbili, na kwa sekunde chache meno yake huzunguka kama mkasi wa fundi anayekata kola. Kabla ya kipande kukatika huanza kupiga mabawa, ili kisimwangushe, kisha huondoka nacho kimekunjwa chini ya tumbo. Vipande virefu ni vya kuta, na vile vya duara kamili ni vya kufunga mlango. Mmea hauugui kwa kukatwa hivyo, na maua yatachanua kama kawaida. Ikiwa mawaridi yako ni ya kuuza, funika machache kwa neti na uwaachie mengine.

Nyuki weusi wakubwa wanatoboa kenchi za paa langu. Je, niwaue?

Hawa ni Xylocopa, nyuki seremala, na ndio wachavushaji bora wa pasheni. Hutoboa mbao laini, kavu, zisizopakwa kitu. Subiri mashimo yawe matupu, yazibe kwa kipande cha mti na gundi, kisha upake kenchi na papi rangi au vanishi, kwa sababu hawapendi kutoboa mbao iliyopakwa. Wakati huo huo waachie gogo kavu la mti laini mahali penye jua, mbali na nyumba. Mzee mmoja jirani yangu aliwamwagia mafuta ya taa mwaka mmoja. Pasheni zake zilichanua sana msimu uliofuata na zikashika matunda machache, na mpaka leo huzichavusha kwa mkono kwa brashi ya mtoto ya kuchorea.

Nawezaje kuzuia sisimizi, nyigu na maadui wengine?

Sisimizi ndio tatizo la kila siku. Fungu likiwa juu ya nguzo, paka pete ya grisi kuzunguka nguzo na uirudie ikishika vumbi. Siafu wakipita, hakuna pete itakayowazuia kwa muda mrefu. Ninachofanya ni kumwaga majivu mengi kwenye njia yao na kulisubiri jeshi lipite. Vigogota hupasua mianzi wakitafuta majana, na waya wa kuku uliowekwa sentimita chache mbele ya fungu huwazuia bila kuwazuia nyuki. Mijusi wachache wavumilie.

Kuna pia nyuki mwenye tumbo lililochongoka kama ncha ya penseli, aitwaye Coelioxys, ambaye hajengi chochote bali huvizia Megachile atoke, akaingia na kutaga yai lake kwenye chumba cha mwenzake. Ukimwona, usimuue. Kuwapo kwake maana yake ni kwamba Megachile wako ni wengi kiasi cha kumtosha. Kinachohitaji hatua ni vijinyigu vidogo sana vinavyotembea juu ya midomo ya mianzi na kutoboa vizibo. Hao huongezeka pale mianzi mingi inapobanwa mahali pamoja kwa miaka mingi, kwa hiyo ni afadhali mafungu matatu madogo ya vipande 20 katika pembe tofauti za kiwanja kuliko ukuta mmoja wa vipande 200.

Jirani yangu hupulizia nyanya dawa kila wiki. Je, kuna maana ya kuwatunza nyuki?

Ipo, lakini inabidi mzungumze. Usianze kwa lawama. Mwombe mambo mawili: asipulizie maua yakiwa yamefunguka, na akilazimika apulizie jioni baada ya jua kuzama, upepo ukiwa umetulia. Mwombe pia akujulishe siku hiyo. Dawa za wadudu zenye viambato kama imidaklopridi na klorpirifosi ni kali sana kwa nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi na wenzake wawili mashambani mwaka 2018. Nyuki mpweke ana udhaifu kuliko wa mzinga: mzinga ukipoteza vibarua mia moja malkia anaendelea kutaga, lakini jike mpweke akifa, ukoo wake unaishia pale.

Soma lebo ya chupa, na ununue viuatilifu vilivyosajiliwa tu. Bwana shamba wa kata anaweza kukusaidia kujua kama unachokiona ni ugonjwa wa ukungu, kwa sababu watu wengi hupulizia dawa ya wadudu kwa ugonjwa ambao wadudu hawahusiki nao.

Nina mizinga ya nyuki wa asali. Je, watagombana?

Hawagombani, ila hushindania maua. Wakati wa mvua chakula kinatosha wote. Septemba na Oktoba, mizinga kumi kwenye kiwanja kidogo itamaliza mbochi kabla ya wapweke hawajaamka vizuri. Ongeza maua ya kiangazi, au isogeze mizinga mbali.

Naishi nyumba ya kupanga na sina shamba. Naweza kufanya nini?

Fungu moja la matete ndani ya kopo la bati, lililofungwa chini ya ukingo wa dirisha linalotazama mashariki, na chungu kimoja cha kivumbasi kilichoachwa kichanue, vinatosha kuanza. Na kama uwanja ni wa udongo, acha kona moja isimwagiwe zege. Nyuki wachimbaji hupenda ardhi tupu, ngumu na yenye jua, ambayo ni hiyo hiyo tunayoifagia kila asubuhi. Ukifagia juu ya kishimo chao watakifungua tena, lakini hawawezi kutoboa zege.

Mianzi ya zamani niifanyeje?

Isitumike zaidi ya misimu miwili, kwa kuwa utitiri wa chavua na ukungu hujilimbikiza ndani. Tatizo ni kwamba siku unapotaka kuitupa daima kuna mianzi ambayo bado imezibwa. Njia niitumiayo ni hii: kabla ya mvua nachukua ndoo nyeusi yenye kifuniko, natoboa tundu moja la milimita 12 ubavuni, naweka humo mianzi yote ya zamani, na kuifunga ndoo chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo jua la mchana haliipigi. Nyuki akitoka kwenye kizibo chake hukuta giza, huona mwanga wa tundu, hutoka, na kwa nadra sana hurudi kujenga humo. Mianzi mipya naiweka nusu mita juu ya ndoo hiyo, ili kitu cha kwanza anachokiona akiwa nje kiwe mlango ulio wazi. Mwezi Aprili nafungua kifuniko, nachunguza kila mdomo, na mwanzi ambao bado umezibwa naurudisha kwa msimu mmoja zaidi. Iliyobaki naitumia kuwashia jiko.